Uchambuzi wa Kisa: Mwalimu Mstaafu, Kisukari cha Muda Mrefu na Vishipa Vidogo vya Ubongo

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika mji mmoja wa mwambao wa Tanzania. Majina, mahali, tarehe na baadhi ya mambo ya familia yameondolewa au kubadilishwa ili mhusika asitambulike. Mgonjwa ataitwa Mwalimu, kwa kuwa ndivyo kila mtu kliniki alivyomwita, na mwanawe aliyemhudumia ataitwa Binti. Kisa chenyewe si cha ajabu. Mhudumu yeyote wa kliniki ya kisukari atakuwa amekutana na mtu wa namna hii, pengine wiki iliyopita. Kinafaa kufundishia kwa sababu kinaonyesha jambo lisilotajwa mara nyingi, kwamba matibabu ya kisukari hutegemea ubongo wa mgonjwa mwenyewe kukumbuka, kuhesabu na kupanga, ilhali ubongo huo ni miongoni mwa viungo ambavyo kisukari hudhuru. Kliniki nyingi huulizia miguu, macho na figo, lakini ubongo hausemwi mpaka siku mtu anapopooza.

Historia ya mgonjwa

Mwalimu alikuwa na umri wa miaka 64, mstaafu wa shule ya msingi, mjane, akiishi na Binti na wajukuu wawili. Aligundulika kuwa na kisukari cha aina ya pili miaka 16 kabla ya tukio, na shinikizo la juu la damu miaka mitano baadaye. Hakuwahi kuvuta sigara. Dawa zilizoandikwa kwenye faili lake zilikuwa, kwa ajili ya sukari, metformini gramu moja mara mbili kwa siku na glibenklamidi miligramu 5 mara mbili kwa siku, na kwa ajili ya presha, amlodipini miligramu 10 na losatani miligramu 50. Alikuwa akihudhuria kliniki bila kukosa, jambo lililowafanya wahudumu wamhesabu kuwa mgonjwa mzuri kwa miaka mingi.

Katika miaka miwili ya mwisho sifa hiyo ilibadilika. Kipimo cha HbA1c, ambacho wengi hukiita sukari ya miezi mitatu, kilipanda kutoka asilimia 7.4 hadi 8.5, kisha 9.6. Presha nayo ilipanda. Kwenye faili kuliandikwa mara tatu kwamba mgonjwa hafuati masharti ya chakula na dawa, na mara zote tatu ushauri uliotolewa ulikuwa uleule: ajitahidi.

Nyumbani kulikuwa na dalili nyingine ambazo hazikufika kliniki, kwa kuwa hakuna aliyeziuliza. Mwalimu ndiye aliyekuwa akitunza daftari la kikoba cha wanawake wa mtaa wao, na kwa miaka hakuwahi kukosea hesabu. Sasa kazi iliyokuwa ikimchukua nusu saa ilimchukua mchana mzima, na wenzake walianza kurudia hesabu kwa siri ili wasimvunjie heshima. Aliyakumbuka majina ya wanafunzi wake wa zamani vizuri kabisa, alijua tarehe na habari za siku, lakini hakuweza tena kupika huku akizungumza, na akikatizwa katikati ya jambo hakurejea alipoachia. Binti alidhani ni uzee. Kuna siku pia, kama mwaka mmoja na nusu kabla ya tukio, alipoamka na mguu mzito wa kulia kwa siku mbili. Uzito huo ulielezwa kuwa ni ganzi ya kisukari, akapewa vidonge vya vitamini.

Mlolongo wa matukio

Katika mwezi wa Shaaban Mwalimu alifika kliniki, HbA1c ikiwa 9.6. Glibenklamidi iliongezwa mara mbili, ikawa miligramu 10 asubuhi na miligramu 10 jioni. Aliulizwa kama angefunga Ramadhani, akajibu kuwa angefunga kama miaka yote. Aliambiwa ameze dawa ya asubuhi wakati wa daku na ya jioni baada ya kufuturu. Maelekezo hayo yalitolewa kwa mdomo, kwake peke yake, katika chumba chenye foleni ndefu mlangoni.

Asubuhi ya siku ya tisa ya mfungo, kiasi cha saa nne, mjukuu alimkuta ameketi mkekani akiwa amelowa jasho, mkono wa kulia hauinuki na maneno hayaeleweki. Majirani walisema ni kiharusi. Alipakiwa kwenye bajaji hadi kituo cha afya, na hapo muuguzi wa zamu, kabla ya jambo lingine lolote, alimtoboa kidole na kupima sukari. Ilikuwa milimoli 1.9 kwa lita, chini sana.

Alipewa glukosi gramu 25 kwa njia ya mshipa. Ndani ya robo saa alianza kusema, na kabla ya saa moja kwisha mkono ulikuwa umerudi. Familia iliomba aruhusiwe kwenda nyumbani, kwa kuwa alionekana mzima. Tabibu alikataa, akamwekea dripu ya glukosi na kuagiza sukari ipimwe kila saa. Jioni ile ilishuka tena hadi 3.2 licha ya dripu. Binti alipohesabu vidonge vilivyobaki nyumbani aligundua kwamba siku ile mama yake alikuwa amemeza dozi ya daku mara mbili, na kwamba katika wiki zilizotangulia kulikuwa na siku ambazo hakumeza kidonge chochote.

Siku iliyofuata alipelekwa hospitali ya mkoa. Kipimo cha CT, yaani picha ya ubongo kwa eksirei na kompyuta, hakikuonyesha damu kuvuja wala kiharusi kikubwa. Kilionyesha mashimo mawili madogo ya zamani upande wa kushoto wa ubongo, moja la milimita 6 na jingine la milimita 9, katika sehemu za ndani zinazolishwa na vishipa vyembamba, pamoja na weusi uliotandaa pembezoni mwa vyumba vya maji ya ubongo, ishara ya sehemu nyeupe kukosa damu ya kutosha kwa muda mrefu. Uwezo wa figo kuchuja ulikuwa umeshuka hadi mililita 44 kwa dakika, na albumini, protini ya damu, ilionekana kwenye mkojo.

Wiki tatu baadaye, akiwa ametulia, alipimwa uwezo wa kufikiri kwa kipimo cha MoCA, kilichotungwa na Ziad Nasreddine na wenzake mwaka 2005 na chenye alama 30. Alipata 19. Tarehe, siku na mahali alivijua vyote, na picha za wanyama alizitaja bila shida. Alama zilipotea kwenye kuchora saa, kuunganisha namba na herufi kwa zamu, kutoa saba kutoka mia kwa mfululizo, na kutaja maneno mengi ndani ya dakika moja. Kati ya maneno matano ya kukumbuka alisahau mawili, lakini aliyataja mara tu alipodokezwa.

Uamuzi uliofanyika na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuiondoa glibenklamidi moja kwa moja. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, na figo zikidhoofika hukaa muda mrefu zaidi; ndiyo maana orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani husema haifai kwa watu wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Metformini ilipunguzwa hadi miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa sababu ya figo, na baada ya wiki mbili ikaongezwa gliklazidi ya kutolewa polepole, miligramu 30 asubuhi. Dawa mpya za kundi la empagliflozini zingefaa kwa figo zake, na timu ilizijadili, lakini familia isingeweza kuzinunua mwezi hata mwezi. Insulini iliachwa kwa makusudi: haikuonekana busara kumkabidhi sindano mtu aliyekwisha kumeza dozi mbili bila kujua.

Uamuzi wa pili ulihusu lengo. Daktari mmoja alitaka HbA1c irudishwe chini ya 7 upesi, kwa hoja kwamba sukari ndiyo iliyoharibu mishipa. Wengine walipendekeza iwe kati ya 7.5 na 8, na pendekezo hilo ndilo lililokubaliwa. Sababu za kulikubali zinaelezwa kwenye uchambuzi.

Presha ilileta mjadala mrefu zaidi. Akiwa ameketi ilikuwa 172/78, lakini alipopimwa akiwa amesimama kwa dakika moja ilishuka hadi 148/70. Ilipendekezwa dawa ya tatu iongezwe. Timu iliamua kwanza kuhakikisha kwamba zile mbili zinamezwa, zikitolewa na Binti kila asubuhi, na presha ipimwe tena baada ya wiki mbili kwa kuketi na kwa kusimama. Ilikuwa 140/76 bila dawa mpya yoyote. Presha iliyoitwa sugu kwa miaka miwili haikuwa sugu.

Kwa kuwa CT ilikuwa imeondoa shaka ya damu kuvuja, na kwa kuwa ule mguu mzito sasa ulieleweka kuwa kiharusi kidogo kilichopita bila kutambuliwa, aliongezewa aspirini miligramu 75 ya kuzuia damu kuganda na atovastatini ya kupunguza mafuta ya damu. Vipimo vya tezi ya shingo, kaswende na VVU havikuonyesha tatizo. Vitamini B12 ilikuwa chini kidogo, jambo la kawaida kwa mtu aliyetumia metformini miaka mingi, naye akapewa sindano.

Uamuzi mgumu kuliko yote haukuwa wa dawa. Mwalimu alikataa vidonge vyake vishikwe na mwanawe. Alisema amefundisha hesabu maisha yake yote na hawezi kuhesabiwa vidonge kama mtoto wa chekechea. Daktari kijana aliyemhudumia hakubishana naye. Alimwamkia, akamwita Mwalimu, akamwonyesha picha ya CT, akamweleza kwamba sehemu zilizoumia ndizo za kupanga na kufanya mambo kwa haraka, wala si za maarifa aliyonayo. Walikubaliana kwamba Mwalimu mwenyewe angepanga vidonge vya wiki kwenye kisanduku chenye siku saba, Binti akihakiki, na kwamba dawa zote zinazowezekana zimezwe mara moja asubuhi. Kuhusu kufunga alishauriwa alipe fidia badala ya saumu. Aliomba muda amuulize imamu wake, na imamu alikubaliana na daktari.

Kinachotokea ndani ya mishipa

Ili kuelewa kwa nini mtu aliyejua majina ya wanafunzi wa miaka ya nyuma alishindwa kuhesabu fedha za kikoba, ni lazima kuitazama mishipa yenyewe.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni mtu anapopumzika, na hauna ghala la akiba la maana. Kila sehemu ya ubongo inapofanya kazi huhitaji damu zaidi papo hapo. Seli za neva na seli za astrosaiti zinazozizunguka hutuma ishara kwenye vishipa vya jirani, navyo hutanuka ndani ya sekunde chache. Kutanuka huko hutegemea sana seli za endothelia, zile zinazotandika ukuta wa ndani wa mshipa, ambazo hutengeneza gesi ya nitriki oksaidi. Gesi hii hulegeza misuli ya mshipa.

Sukari inapokaa juu kwa miaka, seli za endothelia haziwezi kuizuia isiingie ndani mwake. Hutengeneza kemikali haribifu za oksijeni ambazo huinasa nitriki oksaidi kabla haijafanya kazi yake na kuigeuza kuwa sumu. Wakati huohuo sukari hujibandika kwenye protini za ukuta wa mshipa na kuzifanya ngumu. Matokeo ya kwanza, basi, si kuziba. Mshipa upo, damu inapita, ila haujibu unapoitwa. Mtu akiwa ametulia huenda asionyeshe kasoro yoyote, lakini akitakiwa kufanya mambo mawili kwa pamoja, ubongo huomba damu na kupata pungufu. Hii ndiyo hatua ambayo familia nyingi huiona jikoni na kwenye hesabu miaka mingi kabla ya kiharusi, na ambayo hakuna kipimo cha kawaida cha maabara kinachoionyesha.

Baadaye ukuta wenyewe huharibika. Perisaiti, seli zinazoikumbatia kapilari kwa nje na kusaidia kurekebisha upana wake, hupungua. Jambo hili lilijulikana kwanza kwenye retina ya jicho, ambayo ni tishu iliyochipuka kutoka kwenye ubongo wakati mtoto anaumbwa tumboni. Kizuizi kati ya damu na ubongo hulegea, na vitu visivyotakiwa kupenya hupenya. Vishipa vinavyoingia ndani ya ubongo viko hatarini zaidi kwa sababu ya umbile lao: ni vyembamba, lakini vimechipuka moja kwa moja kutoka kwenye ateri kubwa, mithili ya bomba jembamba la nyumba lililoungwa kwenye bomba kuu la mji bila koki ya kupunguza nguvu ya maji. Presha kubwa huvipiga bila kupunguzwa. Kuta zake hunenepa kuelekea ndani, njia husongeka, na mwishowe kimoja huziba na kuacha shimo dogo la milimita 3 hadi 15 ambalo madaktari huliita lakuna. Daktari Charles Miller Fisher, aliyefanya kazi Boston, ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1960 jinsi mashimo haya madogo yanavyoleta dalili mahususi, kama udhaifu wa upande mmoja bila kupoteza usemi wala hisia. Mengi kati yake hayaleti dalili ambayo mgonjwa anaweza kuitaja.

Sehemu zinazolishwa na vishipa hivi ndizo zenye nyaya zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu nyingine. Zikikatika, kumbukumbu huwa bado zipo lakini kuzifikia huchukua muda, na kupanga mambo kwa hatua huwa shida. Ndiyo maana Mwalimu alikumbuka maneno alipodokezwa. Mgonjwa wa Alzheimer, ugonjwa unaofuta kumbukumbu zenyewe, katika hatua kama hiyo, kwa kawaida, hasaidiwi na kudokezwa kwa kiasi hicho. Tofauti hii ina maana kliniki, ingawa inafaa kukiri kwamba kwa wazee wengi magonjwa hayo mawili hukaa pamoja.

Matokeo

Miezi sita ya kwanza ilikwenda vizuri. HbA1c ilishuka hadi 7.8, hakukuwa na kipimo cha sukari chini ya 4 kwenye daftari la nyumbani, na MoCA ilipanda hadi 21. Mwalimu alimkabidhi mwenzake daftari la kikoba kwa hiari yake, akabaki mshauri.

Mwezi wa saba, asubuhi baada ya chai, mkono wake wa kushoto ulilegea na uso ukaenda upande. Binti hakusita. Alikuwa amefundishwa kwamba mama akidhoofika ghafla apewe sukari, naye alimpa chai ya sukari nyingi, akasubiri. Vijiti vya kupimia sukari vilikuwa vimekwisha tangu wiki mbili nyuma. Alipoona hakuna nafuu alimpa soda. Baada ya adhuhuri alimpigia kaka yake simu, na walifika hospitali alasiri. Sukari ilikuwa 15.8. Safari hii kilikuwa kiharusi kweli, kishipa kidogo upande wa kulia, na zile saa nne na nusu za mwanzo ambazo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda huweza kutolewa kwa kawaida, hata kama ingepatikana, zilikuwa zimepita.

Kwa mazoezi ya viungo Mwalimu alirejea kutembea bila msaada ndani ya mwezi mmoja. Mkono wa kushoto ulibaki mzito kwa kazi ndogondogo kama kufunga vifungo. Mwaka ulipotimia HbA1c ilikuwa 7.7, presha 132/74 akiwa ameketi na 126/72 akiwa amesimama, na MoCA 20.

Uchambuzi: kilichofaa

Kijiti kimoja cha kupimia sukari kiliokoa mengi. Sukari ikishuka sana, ubongo huweza kupooza upande mmoja kwa namna isiyotofautishwa na kiharusi kwa macho, na pengine upande unaodhoofika kwanza ni ule uliokwisha kuumia zamani, kama ilivyoelekea kuwa kwa Mwalimu, ambaye mashimo yake yalikuwa kushoto na udhaifu ukatokea kulia. Muuguzi yule hakufuata maneno ya majirani. Uamuzi wa tabibu wa kutomruhusu kuondoka nao ulikuwa sahihi kabisa, kwa sababu glukosi ya mshipani huisha mapema kuliko glibenklamidi, na mgonjwa aliyezinduka saa tano angeweza kupoteza fahamu tena usiku akiwa kitandani kwake.

Kutoishusha sukari kwa pupa kulikuwa na msingi. Utafiti wa Rotterdam, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba wenye kisukari walikuwa na hatari ya kupata ugonjwa wa kupungukiwa akili uzeeni karibu mara mbili ya wasio nacho. Mtu angetarajia basi kwamba kuishusha sukari kwa nguvu kungeulinda ubongo. Utafiti wa ACCORD wa Amerika ya Kaskazini ulijaribu hilo kwa kulenga HbA1c chini ya 6, na mwaka 2008 sehemu hiyo ilisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa vifo viliongezeka katika kundi lililobanwa zaidi. Tawi lake lililochunguza ubongo lilitoa matokeo mwaka 2011: baada ya miezi 40 uwezo wa kufikiri haukuwa bora katika kundi hilo, ingawa ubongo ulikuwa umesinyaa kidogo pungufu. Uchunguzi mwingine wa California, wa mwaka 2009, ulionyesha kwamba wagonjwa waliowahi kulazwa kwa sukari kushuka walipata ugonjwa huo wa kupungukiwa akili uzeeni zaidi kuliko wenzao. Inawezekana kushuka huko huudhuru ubongo. Inawezekana pia ubongo ulioanza kudhoofika ndio unaosababisha makosa ya dozi. Kisa cha Mwalimu kinaegemea maelezo ya pili kwa mwanzo wake, ingawa hakiondoi uwezekano wa yale ya kwanza.

Kupima presha akiwa amesimama lilikuwa jambo dogo lenye faida kubwa. Ubongo wenye mishipa mizima huweza kulinda mtiririko wa damu wake hata presha inapopanda na kushuka kwa kiasi kikubwa, lakini mishipa iliyokakamaa hupoteza uwezo huo, na damu inayofika huifuata presha inavyokwenda. Dawa ya tatu ikiongezwa kwa mgonjwa ambaye mbili za kwanza hazimezi, kisha mtu akaanza kumsimamia azimeze zote, presha ingeanguka siku moja na mgonjwa naye angeanguka.

Kupanda kwa MoCA kutoka 19 hadi 21 kusihesabiwe ushindi wa dawa fulani. Mambo manne yalibadilika kwa wakati mmoja: sukari haikushuka tena, presha ilitulia, B12 ilirekebishwa, na Mwalimu alikuwa anakifanya kipimo kilekile kwa mara ya pili. Tofauti ya alama mbili inaweza kutokana na lolote kati ya hayo.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Neno la faili, kwamba mgonjwa hafuati masharti, lilifunga mjadala mahali ulipopaswa kuanza. Mgonjwa aliyefuata masharti kwa miaka 14 kisha akaacha hajabadilika tabia. Kuna kitu kimembadilisha, na swali la kwanza linafaa kuwa kuhusu uwezo wake. Dozi iliongezwa mara mbili kwa kudhani kwamba ile ya awali inamezwa yote. HbA1c huonyesha wastani, na mtu anayekosa dozi siku tatu na kuzidisha siku ya nne anaweza kuwa na wastani wa juu huku akipita kwenye hatari ya kushuka. Kumuuliza Binti swali moja, au kumwambia mgonjwa aje na vidonge vyote vilivyobaki, kungetosha.

Maelekezo ya Ramadhani nayo yalikosewa kwa namna mbili. Dozi kubwa ya dawa inayoshusha sukari kwa nguvu haifai kumezwa daku, kabla ya saa nyingi bila chakula. Kama ni lazima itumike, dozi kubwa huwekwa wakati wa futari na ya daku hupunguzwa. Zaidi ya hapo, kumwongezea dozi mgonjwa wa umri huo wiki chache kabla ya mfungo bila mpango wa kumpima ni kuyakaribisha yaliyotokea.

Kuchelewa kwa mwezi wa saba kunafundisha zaidi, kwa sababu kulitokana na elimu iliyotolewa kwa nia njema. Familia ilifundishwa nusu ya jambo: udhaifu wa ghafla, toa sukari. Nusu ya pili haikusemwa, kwamba sukari hutolewa huku safari ya hospitali ikianza, kwamba dakika 15 zikipita bila nafuu haisubiriwi tena, na kwamba mtu ambaye uso umekwenda upande asinyweshwe kitu kwa kuwa anaweza kupaliwa na kinywaji kikaingia mapafuni. Mwalimu hakupaliwa, lakini hiyo ilikuwa bahati. Mafunzo yalijengwa juu ya tukio lililopita, na timu haikujiuliza tukio linalofuata lingefanana na lipi, ilhali picha ya CT ilikuwa imeonyesha waziwazi kwamba huenda likawa kiharusi. Vijiti vya kupimia navyo viliisha kwa sababu familia ilikuwa ikinunua kimoja kimoja dukani. Hilo si kosa la mtu mmoja, lakini mpango unaotegemea kipimo ambacho hakipo nyumbani si mpango.

Kuhusu vipimo vya kufikiri, MoCA ilimfaa Mwalimu kwa sababu alisoma na kufundisha. Kwa mzee ambaye hakuwahi kushika kalamu, kuchora saa kutapima shule aliyoikosa. Kwa ajili hiyo watafiti waliofanya kazi wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, walitengeneza kipimo cha IDEA, kinachotumia mambo kama kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano na kutaja wanyama kwa dakika moja, na hakihitaji mtu kujua kusoma. Huchukua dakika chache na muuguzi anaweza kukifanya.

Mwisho kuna suala la faili. Miaka minne kabla ya tukio, kliniki ya macho ilikuwa imeandika kwamba retina za Mwalimu zina vivimbe vidogo vya mishipa na madoa ya damu. Mwaka uliofuata maabara iliandika albumini kwenye mkojo. Karatasi zote mbili zilikuwa zimebanwa kwenye faili lilelile lililoandikwa kwamba hafuati masharti. Mishipa midogo ya jicho, figo na ubongo huumia kwa njia zinazokaribiana, na ile ya jicho ndiyo pekee inayoweza kutazamwa moja kwa moja bila kumkata mtu. Kliniki husika sasa imeongeza mistari mitatu kwenye ukurasa wa mbele wa faili la kila mgonjwa mwenye dalili za macho au figo: nani anapanga dawa nyumbani, je, kuna kazi ya kila siku ambayo imeanza kumchukua muda mrefu kuliko zamani, na presha yake ni ngapi akiwa amesimama.